Ukuta Ulioishia Katikati ya Neno

Saa moja asubuhi, Fundi Maandishi anaketi kitandani wodini, karatasi juu ya ubao mdogo magotini, kalamu mkononi. Muuguzi amesimama pembeni. Anaandika sentensi ile ile aliyoichagua siku ya kwanza: "Ni marufuku kukojoa hapa."

"Ndiyo niliyoizoea," anasema bila haya. Kwa miaka ishirini na mitatu ameandika kwa rangi kwenye maduka, malori na kuta za watu.

Lakini sentensi hiyo si mzaha. Saratani ya damu ilipokataa kusikia dawa mara mbili, madaktari walichuja seli za kinga kutoka kwenye damu yake. Zilipelekwa maabara zikafundishwa kuitambua saratani, kisha zikarudishwa mwilini kwa dripu. Leo ni siku ya tisa. Hofu ni kwamba zinaweza kupitiliza na kuuvuruga ubongo, na mara nyingi mwandiko ndio hutangulia kuharibika; ndiyo maana anaandikishwa kila asubuhi.

Wake uliharibika siku ya tano.

"Niliandika, nikaona imenyooka kabisa," anasimulia. "Sista akaichukua karatasi, akatoka mbio. Nikajiuliza, kwani nimemtukana?"

Mkewe, fundi cherehani, aliiona karatasi ile. Herufi zilikuwa zimepandana, na neno "marufuku" halikuwepo.

"Nilimkimbilia kitandani," anasema. "Huyu mtu hugombana na watu kwa ajili ya nukta moja. Nikamuuliza jina langu, akanitazama tu."

Dawa za kuzituliza seli zilimrudisha baada ya siku mbili. Karatasi ile Fundi ameiweka chini ya mto, na kila akiitoa anaogopa upya. Kinachomnyima usingizi si mkono, ni jicho. Lilimdanganya, naye akaliamini.

Kama saratani imeondoka au la, atajua baada ya siku kumi na tisa. Anazihesabu.

Mtaani kwake kuna ukuta aliouacha siku alipoanguka kazini. Umeishia "Ni marufuku ku".

"Nasikia kila mtu anamalizia anavyotaka," anasema, na mkewe anacheka kidogo. "Nikitoka hapa, naanza na huo."

Amemaliza kuandika. Muuguzi ananyoosha mkono, lakini Fundi anampa mkewe karatasi kwanza.

"Isome wewe."

Mkewe anasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno.

"Na nukta ipo?"

"Ipo."

"Basi siku ya ukuta," anasema Fundi, "utasimama nyuma yangu, unisomee hivyo hivyo."