Filamu ya Mwisho ya Mama Casilda

Casilda Choque alikuwa mpiga picha pekee katika kambi yetu ya mgodi ya San Calixto. Mumewe alipofukiwa na mwamba alimwachia binti mmoja, Nieves, na kamera kuukuu ya macho mawili: jicho la juu la kumtazamia mtu, la chini la kumpigia picha. Kwa kamera hiyo alitupiga picha karibu sote, kwenye ubatizo, harusi na misiba, miaka kumi na minne.

Mwaka 1986 bei ya madini yetu, bati, ilianguka, mgodi ukafungwa, tukaambiwa tuondoke. Malori yalipangwa kuja Alhamisi na Jumamosi. Wengine walikuwa wanakwenda mjini El Alto, wengine nyanda za joto kulima, wengine hata wenyewe hawakujua. Watu walioishi ukuta kwa ukuta wakatambua kwamba hawataonana tena, na kila mmoja akamkimbilia Casilda. Kwa siku mbili alipiga filamu tatu, kila familia mbele ya mlango wake, pamoja na majirani.

Malori ya Alhamisi yaliposhuka mlimani, aliziosha filamu jikoni na kuzianika. Ijumaa asubuhi nilikwenda kumrudishia sufuria, nikamkuta ameketi sakafuni chini ya dirisha. Akaninyooshea filamu. Matofali ya ukuta yalikuwa makali, ungeweza kuyahesabu. Nyuso za watu waliosimama mbele yake zilikuwa ukungu mtupu.

"Familia sita zimeshakwenda, Delfina," akasema. "Na sina uso wa hata mmoja."

Mwanzoni alidhani ni uchafu, akasugua lenzi kwa pombe kali. Akafungua mgongo wa kamera, akachunguza kama filamu ilikuwa inalala vibaya. Hakuona kitu. Kisha akaiweka kamera chini. Alikumbuka mwezi wa saba, vumbi la mgodi lilipoingia ndani ya jicho la juu, akalifungua kwa ncha ya kisu, akalisafisha na kulirudisha. Macho yale yamezungukwa na meno madogo yanayoumana, ukizungusha moja na la pili linazunguka. Aliyarudisha meno si mahali pake. Tangu siku hiyo hakuwa ameosha filamu nyingine, kwa hiyo hakujua kwamba jicho la juu lilikuwa likimwonyesha uso mkali, na la chini linashika kilicho nyuma yake.

"Ni mkono huu," akasema, akaanza kuupiga sakafuni. Ilibidi niushike.

Ijumaa yote alihangaika na kile kisu. Vichwa vya skrubu, vidogo kama chawa, vilizidi kulika. Bisibisi ya kuvifaa alikuwa nayo mtu mmoja tu kambini, Fermín Ajata, mtengeneza saa, na huyo ndiye mtu ambaye Casilda hakutaka kumwomba hata maji. Tulipogoma kupinga kufungwa kwa mgodi, Fermín alikuwa wa kwanza kutia sahihi kwamba anakubali kuondoka. Casilda alikwenda kwake akatema mate kizingitini, akamwita mbwa.

Jumamosi kulipokucha alikwenda. Nilifuatana naye. Fermín alikuwa anafunga godoro kwa kamba.

"Umekuja kutema tena? Mlango nimeshaung'oa, utatemea wapi?"

"Nataka bisibisi yako ndogo kabisa."

"Uliniita mbwa, Casilda. Mke wangu akisikia."

"Nilikuita, na sijabadili neno. Lakini watu wanaondoka saa sita."

Ni Benita, mke wa Fermín, aliyekata maneno. "Mpe, mume wangu. Mpe, na sisi atupige picha. Hatuna hata moja tukiwa pamoja."

Fermín akafungua sanduku alilokwisha kulifunga. Hakumpa bisibisi, alikwenda nayo mwenyewe. Alisema wanahitaji kioo chenye ukungu cha kuweka pale inapolala filamu, ili waone jicho la chini linaona nini. Casilda akatungua picha ya marehemu mumewe ukutani, akatoa kioo chake, akakata kipande, akakisugua kwa mchanga laini wa mgodi na maji mpaka kikawa cheupe kama maziwa.

Wakaiweka kamera juu ya meza, wakaielekeza kwenye msalaba wa makaburini ng'ambo ya bonde. Fermín akalizungusha jicho la chini polepole, lenzi yake ya kutengenezea saa akiwa ameibana kwenye jicho lake mwenyewe, mpaka msalaba ukasimama wazi juu ya kile kioo. Kisha akalilegeza la juu, akalizungusha peke yake mpaka nalo likauona msalaba uleule, na hapo ndipo alipoyaumanisha meno. Mara tatu, alipokuwa anakaza skrubu, meno yaliteleza, wakaanza upya. Casilda alikuwa amesimama nyuma yake akitafuna ncha ya shali. Saa nne na nusu tukasikia lori la kwanza likipanda, kabla ya wakati wake.

"Imeshika," Fermín akasema. "Nadhani imeshika."

Hapakuwa na muda wa kujaribu. Filamu iliyobaki ilikuwa moja, picha kumi na mbili.

Alizipiga huku watu wakipakia. Hakuna aliyecheka. Fermín alitembea naye nyumba kwa nyumba, akiigusa kamera kila baada ya picha kuhakikisha skrubu hazijalegea. Familia kumi na moja zikapita, na yangu ikiwemo. Kisha Fermín akafunga tai, akasimama na Benita kando ya godoro lao. Wakati huohuo dereva wa lori la pili akapiga honi. Nieves alikuwa juu, kati ya magunia ya viazi vikavu, anamwita mama yake. Casilda mwenyewe hakuwa na mahali pa kwenda, alikuwa anabaki, na binti yake anaondoka na majirani.

Akaitazama kamera, akamtazama binti.

"Filamu imekwisha, Mzee Fermín," akasema.

Nyuma ya kamera ile kuna kidirisha chekundu kinachoonyesha namba. Fermín alikuwa amesimama karibu, na macho yake yalizoea vitu vidogo. Nilimwona akiisoma: kumi na mbili, picha moja ilikuwa bado. Alifungua tai, akamshika Benita kiwiko, wakaondoka. Hawajafika mbali Casilda akainua kamera, akampiga picha Nieves.

Picha zote kumi na mbili zilitoka kali, hata nyuzi za mashali zinahesabika. Casilda alizituma kwa madereva wa mabasi na kwa mapadri. Yangu ilinifikia baada ya miaka miwili. Nyingine tatu hazijapata wenyewe mpaka leo.

Mwaka 1990 Benita alipanda kwa miguu kutoka barabarani. Fermín alikuwa amefia El Alto, na hakuacha picha. Alimwomba Casilda watafute, labda alitokea kwa nyuma, pembeni, hata bega tu. Wakakaa dirishani na lenzi ya kukuzia, wakapitia filamu ile picha moja moja, kisha wakarudia. Hakuwemo. Asubuhi ile yote alikuwa upande wa Casilda, nyuma ya kamera.

Casilda aliponisimulia haya alisema alitaka kuungama, lakini mdomo haukufunguka. Benita alikunywa chai yake, akashukuru, akauliza basi la kurudi linapita saa ngapi.