Bwana Radi Alikuwa Wangu

Enzi zile za kwenda shule miguu mitupu, wenzangu mnakumbuka, katuni moja ilisomwa na kijiji kizima. Kule Kanja ilitufikia bila jalada, imewahi kufungiwa sukari, inanuka mafuta ya taa, nasi tuliigombania mpaka mwalimu akaichoma. Ilipochomwa, nikaamua kuchora yangu. Sikuwa mtoto wa kawaida, nasema ukweli.

Shujaa wangu aliitwa Bwana Radi. Alijifunga blanketi mgongoni kwa kamba ya katani, akaruka Mto Thuci kutoka Embu hadi Meru bila kulowa. Nguvu zake zilitoka kwenye uji uliochacha ndani ya kibuyu, na zilimwisha akivaa viatu. Nilimchora kwa penseli fupi kama kucha, nyuma ya daftari la hesabu, na kila mapumziko darasa zima la tano lilinizunguka likinuka moshi na ndizi za kuchoma.

Kosa langu lilikuwa kumwazima daftari Njeru, tuliyekaa naye dawati moja. Alilichukua Ijumaa. Jumatatu lilirudi na alama ya wino kila ukurasa: mistari miwili na nukta. Kila mtu aliijua. Ndiyo babu yake aliyoichoma kwenye mizinga yake ya nyuki, ili hata mzinga ukitundikwa kwenye mti wa mtu mwingine, ijulikane asali ni ya nani.

"Bwana Radi ni wa kwetu," Njeru akatangaza. "Oneni alama."

"Nimemchora mimi!"

"Jina lako umeandika wapi?"

Tukapelekana kwa mwalimu, naye pia mtoto wa wafuga nyuki. Akafunua kurasa akicheka pale nilipotaka asicheke, kisha akaamua: "Mugendi, mkono ni wako, naujua. Lakini mzinga ni wa mwenye alama. Siku nyingine weka yako kwanza."

Nyumbani mama hakunihurumia. "Nyuki hawaulizi nani alichonga mzinga," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Njeru akaendelea kumchora, tena vibaya, miguu kama ya mbuzi. Na akamvisha viatu! Viatu, jamani!

Tangu hapo nimejitengeneza mwenyewe. Nimekaa ng'ambo miaka mingi, nimerudi na diploma ya uchoraji, ipo ukutani ndani ya kioo, na nyumba yangu inaonekana kutoka barabarani. Lakini juzi nilimkuta Njeru kule Makutano, kwenye duka lake la mbegu, akawaambia wateja: "Huyu ni Mugendi. Alikuwa akinisaidia kumchora Bwana Radi."

Kunisaidia! "Njeru, mimi nina diploma."

"Pole, ndugu yangu. Hiyo ina muhuri wa chuo. Wako uko wapi?"

Duka zima likacheka.

Nilifika nyumbani nimefura. Mpwa wangu Wanja, aliye chuoni, akanionyesha kwenye simu shujaa anayeruka, wa kupendeza kweli. Nikamwuliza kachorwa na nani.

"Sijui, mjomba. Yuko tu. Kila mtu anamtuma."

"Mwenyewe ni nani?"

"Kwani lazima awe na mwenyewe?"

Vijana hawa wana mashujaa wa kujaza ghala, na hawajawahi kupigana kwa ajili ya hata mmoja. Sisi tulikuwa na mmoja, na tumezeeka tukimvutania. Njeru ni mwizi, nitasema hivyo hadi kaburini. Lakini angalau alijua anamwibia nani.