Brashi za Baba

Nilimpeleka Maman, mama yangu, kwenye nyumba ya mchoraji mmoja iliyogeuzwa makumbusho kwa ubaya wangu, sitaficha. Baba alikuwa mwandika vibao kule Lubumbashi: saluni, makanisa, maduka ya mikate. Alipofariki mimi nilikuwa tayari Brussels. Siku za kilio zilipoisha, Maman akafagia nyumba na kugawa vitu vyote vya Baba, kama desturi yetu ilivyo. Hata brashi moja hakuniwekea. Nilikaa na kinyongo hicho miaka sita. Basi alipokuja kunitembelea, nikasema moyoni: acha akaone wenzetu wa huku wanavyotunza vitu vya marehemu.

Tulishuka basi mtaa wa Ixelles, tukapanda ngazi mpaka juu. Chumba cha kazi kilikuwa kama vile mwenyewe katoka kununua mkate. Aproni msumarini, rangi zimekauka mezani, brashi zimejaa kopo, na kamba nyekundu ya kutuzuia tusiguse. Ukutani, katika picha zake, watu wenye nyuso za kijani walitukodolea macho kwa hasira. Maman hakuwajali. Alitazama sakafu yenye madoa, kisha akamwendea bibi mlinzi aliyeketi mlangoni, akamshika mikono yote miwili.

“Pole, maman. Pole sana. Alikufa lini?”

Vitu havijagawiwa, sakafu haijasuguliwa: kwa Maman, kilio kilikuwa hakijaisha, na huyu ndiye mjane. Weee, aibu iliyonishika! Nikatafsiri huku jasho linanitoka. Bibi akacheka mpaka akafuta macho. Mchoraji alikufa kabla yeye hajazaliwa, akasema.

“Alors, nani anatumika na hii bintu?” Maman akauliza, akizinyooshea brashi kidole, ajue nani anazitumia.

“Hakuna. Zinatunzwa,” nikamjibu. “Kama ambavyo ungetunza za Baba.”

Neno lilikuwa limeshanitoka.

“Masikini,” Maman akasema. Sikujua kama aliyemhurumia ni mimi au mchoraji. “Za baba yako ziko kazini.”

Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani Lubumbashi, na siku moja mimi na Maman tukapita mtaani. Mbele ya saluni ya jirani, papa mmoja, mzee mwandika vibao, juu ya ngazi alikuwa akiandika herufi za bluu, brashi ameibana kwa meno ili afungue kopo. Baba naye aliuma hivyohivyo. Nikasogea. Mpini wa brashi ulikuwa umetafunwa upande mmoja, na alama zile za meno nilizijua tangu utotoni. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Akashuka, akanipa brashi.

“Shika, mutoto. Maliza hii herufi.”

Nikapanda, Maman ameshika ngazi chini. Herufi ilitoka imepinda, na mwenye saluni akasema isifutwe.