Skrini ya Jaribu Tena

Jina la Jaribu Tena hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na kompyuta yake mwenyewe.

Alikuwa mnukuzi katika ofisi ya baraza la mji. Wakubwa walipokutana, mazungumzo yao yalirekodiwa, naye akayasikiliza na kuyapiga chapa neno kwa neno. Kwa kuwa hakuona tangu utotoni, kompyuta yake iliwekewa programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilifanya kazi bila kumuudhi mtu. Kisha ukafika wakati wa kuisasisha programu hiyo. Kila alipobonyeza kitufe cha kusasisha, sauti ilijibu, kavu kama ya mtangazaji mwenye mafua: "Hitilafu ya mtandao. Imeshindikana kuunganisha na seva. Jaribu tena."

Akajaribu tena. Ikamwambia vilevile. Kufikia wakati wa chai chumba kizima kilikuwa hoi kwa kicheko, sauti yenyewe ikimezwa humo.

"Mkubwa, umeambiwa ujaribu tena, nawe umekaa tu!" alisema karani wa masjala, jirani yake wa meza ya pili, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Tangu siku hiyo hata mfagizi alimwamkia, "Shikamoo, mzee Jaribu Tena." Aliitikia marahaba, maana alilelewa akaleleka, lakini moyoni damu ilimchemka. Akajizoeza hila moja ya kujiokoa: sauti ikifika tu kwenye neno "tena", kidole chake kilishukia kitufe cha kuinyamazisha kabla wenzake hawajapata la kudakia.

Lau ingekuwa kejeli peke yake, angejikaza. Lakini kuanzia Jumatatu ofisi ingehamia kwenye programu mpya ya kuandikia, na sauti yake ya zamani ilikuwa bubu mbele ya programu hiyo. Aliijaribu, haikutamka hata herufi moja. Bila kusasisha asingeweza kunukuu tena. Mkuu wa ofisi alimwita na kumweleza jambo hilo kwa upole wa mtu ambaye ameshaamua.

"Ikishindikana hadi Ijumaa, tutakupeleka mapokezi. Utakaa, utasalimiana na wageni. Kazi nyepesi."

"Mama, mimi sijaomba kazi nyepesi."

"Tunakuonea huruma, mzee wangu."

Jibu lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, akarudi mezani kwake.

Alhamisi alikuja fundi wa kompyuta wa ofisi, harufu ya sigara ikimtangulia. Akavuta kiti, akaketi mbele ya meza ya mnukuzi.

"Skrini iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo vipi? Kompyuta bila skrini?"

"Muulize jirani yangu."

"Kaka, si nilikuomba?" karani alidakia upesi.

Kuomba kwenyewe kulikuwa hivi. Miezi michache nyuma karani alisimama mbele ya meza ya mnukuzi akasema, "Hii inakusaidia nini wewe? Nipe mimi niwe nazo mbili." Kabla hajajibiwa, waya ulikuwa umeshang'olewa. Mnukuzi aliusikia ukikwaruza ukingo wa meza, akasikia miguu ikiondoka na mzigo, akanyamaza. Aliogopa kwamba akigombania kitu asichokiona, atachekwa. Kunyamaza huko kulimuuma hadi leo.

"Basi mimi siwezi kutengeneza kitu nisichokiona," fundi alisema.

"Mimi nafanya kazi hivyo kila siku."

Karani alicheka, fundi hakucheka. Alichomoa waya wa mtandao akauchomeka upya, akainama kutazama taa za kisanduku cha ukutani, akatamka kwamba zinawaka zote. Wengine wote chumbani walikuwa kwenye mtandao bila shida. Hakwenda hata kuiomba ile skrini, iliyokuwa hatua chache tu kutoka alipokaa. Akatoka, na huko ukumbini, mbele ya mlango ulioachwa wazi, akamwambia mkuu, "Mtandao mzima. Tatizo ni yeye mtumiaji. Hawa watu vifaa hivi vinawashinda."

Watu husahau kwamba asiyeona si kiziwi. Mnukuzi aliyasikia maneno hayo yote. "Hawa watu." Aliishika meza kwa mikono miwili hadi vidole vikamuuma.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, akishona sare za shule. Alimsimulia yote, sauti ikipanda kila sentensi, mpaka cherehani ikasimama.

"Sasa hiyo kompyuta inasemaje hasa?" mkewe aliuliza.

"Nimeshakwambia. Hitilafu ya mtandao, jaribu tena."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu inasema nini, baba watoto?"

"Halafu naizima. Niiachie iendelee kunifanya nichekwe mbele za watu?"

"Ahaa!" Mkewe alipiga makofi mara moja. "Ndivyo ulivyo. Hata mimi nikianza kusema, unasikia nusu, umeshakasirika, umeondoka. Mimi nimezoea. Kompyuta nayo imekukosea nini? Iache imalize."

Alitaka kukasirika, akakuta hana pa kuanzia. Cherehani ikaendelea kunguruma, naye akabaki amekaa, akijipapasa kidevu.

Ijumaa asubuhi hakusubiri chumba kitulie. Aliwasha kompyuta, akafanya shughuli zake ndogondogo, kisha akabonyeza kitufe cha kusasisha na kuiweka mikono yake yote miwili mapajani.

"Hitilafu ya mtandao. Imeshindikana kuunganisha na seva. Jaribu tena."

"Jaribu tenaaa!" waliitikia wenzake kama kwaya.

Mikono haikuondoka mapajani. Sauti ikavuta pumzi yake ya kimashine, ikaendelea: "Tatizo likiendelea, hakikisha kwamba tarehe na saa za kompyuta yako ni sahihi."

Tarehe! Hakuwahi kuiuliza kompyuta tarehe. Ya nini, naye ana saa ya mkononi aisomayo kwa ncha za vidole, na tarehe huamka nayo kichwani? Alibonyeza vitufe vya kuuliza saa. Sauti ikamjibu bila haya: "Saa sita na dakika arobaini usiku. Ijumaa, tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili na kumi."

Kwanza aliona aibu, kwa sababu jibu lilikuwa likimsubiri nyuma ya kidole chake siku zote hizo. Kisha ikampanda hasira, na safari hii hakuimeza. Saa na tarehe hukaa kwenye pembe ya skrini. Mwenye macho yeyote ambaye angeketi hapa, hata aliyekuja kuomba kalamu, angeziona. Ila skrini ilikuwa kwa karani, ikimsaidia kutazama mechi.

Aliinuka, akafuata ukuta hadi mlango wa mkuu, akabisha na kuingia.

"Mama, naomba skrini yangu. Na fundi arudi, leo hii."

"Skrini? Samahani, mzee wangu, lakini ya nini?"

"Ya kuonwa na mwenye macho anapokuja kunisaidia. Mtu kaja, kakuta meza imenyang'anywa skrini, hakuitafuta, akasema mbovu ni mimi. Nilimsikia, mama. Na wewe ulikuwepo, hukumuuliza kitu."

Kisha akasikia kiti cha mkuu kikisukumwa nyuma.

Skrini ililetwa na karani mwenyewe, akihema na kunung'unika. Fundi alifika na harufu yake ya sigara, akachomeka nyaya, akawasha.

"Ah," alisema.

"Ah nini?" mnukuzi aliuliza. "Sema, fundi. Nami nisikie."

"Tarehe."

"Mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Fundi alifungua ubavu wa kompyuta, akachokoa kitu kidogo kama kifungo cha koti. Ilikuwa betri ya kulinda saa, nayo ilikuwa imekufa. Alieleza, kwa sauti ya chini kuliko ya jana, kwamba zamani haikujulikana kwa sababu umeme haukukatika. Lakini tangu ilipotolewa amri ya kuzima swichi kuu kila jioni, kompyuta ilikuwa ikisahau tarehe na kuanza upya. Nayo kabla ya kuunganishwa na seva, ile mashine ya mbali inayotuma programu, hukagua kwa tarehe kama cheti cha usalama cha seva hiyo bado ni halali. Ikidhani ni mwaka ule, hukikataa cheti na mawasiliano hukatika, hata kama waya ni mzima. Mkuu, aliyeitoa amri ya swichi, alikohoa kidogo.

Betri mpya ikawekwa, tarehe ikasahihishwa. Mnukuzi akabonyeza kitufe mwenyewe. Chumba kizima kilisubiri, na safari hii hakuna aliyefanya kwaya.

"Usasishaji umekamilika."

Akafungua programu mpya ya kuandikia. Sauti ikamsomea ukurasa mtupu, kichwa na pambizo.

"Basi, yameisha," mkuu alisema.

"Hayajaisha, mama. Nilikuwa nahamishwa kwa sababu ya betri."

"Huhami. Jumatatu uko hapahapa."

"Na kuhusu mtumiaji?"

Fundi alikuna kichwa kwa sauti. "Nilikosea, mzee."

"Sasa tukuite Umekamilika?" karani alijaribu mzaha.

"Niite mnukuzi. Kazi yangu unaijua."

Walipotawanyika, karani alirudi akinyata. "Kaka, sasa si imepona? Hii skrini nairudisha kwangu, eti?"

"Usiiguse."

Hakupandisha sauti, wala haikuhitajika. Hatua za karani zilirudi zilikotoka.

Mnukuzi alitoa kitambaa laini kwenye droo. Akaipapasa skrini, akakuta imejaa vumbi na alama za vidole vyenye mafuta, zisizo zake. Akaanza pembe ya juu, akishuka taratibu, mkono wa kushoto ukikagua palipopitiwa na wa kulia. Pembe ya chini, ile ya saa, aliisugua zaidi. Kisha akainyoosha skrini ikae sambamba na ukingo wa meza, akakunja kitambaa, akafunga droo.