Karani Aanze Lini

Fomu ya kwanza ya chekechea, fundi makochi aliishonea ndani ya kiti. Mkewe aliiacha asubuhi juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasema, "Baba Karani, jaza hiyo, nikirudi tuipeleke," kisha akaenda kazini kwake, kunyoosha mashuka ya hospitali. Fundi akaitazama ile karatasi kama mtu aliyeletewa barua ya kuitwa mahakamani. Akaiweka chini ya sponji la kochi la mteja, akavuta kitambaa juu yake, akapiga misumari pande zote mpaka kikakaza kama ngoma. Mteja alikuja kuchukua kochi lake saa tisa. Mke aliporudi akaambiwa fomu haionekani, labda imepeperushwa na upepo.

"Upepo," alisema mkewe, akitazama dirisha lililofungwa.

Kesho yake alileta fomu ya pili, na hii hakumpa mkononi. Aliigongomea ukutani kwa misumari ya mumewe mwenyewe.

Mtoto wao wa pekee alibakiza miezi miwili kutimiza miaka minne. Walimwita Karani, kwa sababu tangu ajue kushika chaki hakuna ubao wala mguu wa kiti uliosalimika. Mchana kutwa alishinda na baba yake karakanani, chumba cha mbele cha nyumba, katikati ya sponji, gundi na nyuzi nene. Asubuhi watoto wenye sare walipopita, alisimama mlangoni akawasalimu mmoja mmoja, na wao hawamjui. "Mimi nakuja kesho," aliwaambia. Alikuwa anawaambia hivyo kwa mwezi mzima.

Kilichomzuia si umri. Kilichomzuia ni degedege.

Lilimshika mara ya kwanza akiwa na mwaka mmoja na nusu. Homa ilipanda ghafla, macho yakageuka yakabaki meupe, meno yakaumana, mwili ukawa unatikisika mikononi mwa baba yake. Fundi aliamini mtoto anakufa. Alikuwa amesikia kwamba mwenye degedege humeza ulimi, basi akamsokomezea kijiko katikati ya meno, ufizi ukapasuka, damu ikamchirizika shingoni. Mwaka uliofuata likarudi, na kijiko kikarudi. Daktari alieleza kwamba degedege la namna hii huletwa na homa, kwamba linatisha kuliko linavyodhuru, na kwamba watoto wengi huachana nalo wakifika miaka mitano au sita. Fundi alisikia nusu. Nusu nyingine ilimezwa na hofu.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hizo mkono wa fundi ulikuwa hauishi pajini mwa mtoto, wala haukuwa unatulia kazini. Akishona pindo moja, anagusa paji la uso. Akipiga misumari mitatu, anagusa tena. Karani akipiga chafya, fundi anatupa nyundo. Karani akinyamaza, ndiyo mbaya zaidi, anainama chini ya meza kutazama kama anapumua.

Jumapili moja dada yake fundi alikuja kula nao, na neno la chekechea likaanguka mezani.

"Mkimbilie wapi?" alisema dada mtu. "Sisi tulianza shule na miaka saba, meno ya mbele yameng'oka. Tumekufa?"

"Wifi, wewe kujumlisha kunakushinda mpaka leo," alisema mke wa fundi, na wote wakacheka, hata Karani ambaye hakuelewa. Fundi hakucheka.

"Asubiri mpaka sita," alisema. "Daktari alisema sita."

"Daktari alisema litaisha kufikia huko. Hakusema tumfungie ndani." Mkewe aliweka kijiko chini. "Nenda ukamweleze mwalimu ukweli wote, tumsikie. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Neno kifo lilimpata fundi mahali pake. Alisukuma sahani. Lakini usoni alionyesha amekubali, akasema ataipeleka fomu mwenyewe. Mkewe akafurahi, asijue kilichopikwa kichwani mwa mwenzake. Fundi alikuwa amepata ujanja: ataeleza ugonjwa kwa kuongeza chumvi mpaka shule yenyewe ikatae, na hapo hakuna mtu wa kumlaumu.

Mwalimu mkuu wa chekechea alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja. Alimkaribisha fundi kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Vikombe vya plastiki vilining'inia ukutani, kila kimoja na picha yake: samaki, funguo, jua.

"Mwalimu, mwanangu ana degedege," alisema fundi. "Kila wiki. Wiki nyingine mara mbili."

Akasubiri fomu irudishwe.

"Pole sana, baba," alisema mwalimu. "Darasa la wakubwa tunaye mmoja mwenye kifafa, na anaimba kuliko wote. Mlete tu. Wako humchukua dakika ngapi?"

Fundi hakujua. "Ni kama mwaka," alisema, na hilo halikuwa la uongo.

"Na wewe humfanyaje?"

Mwalimu alimpa mwanasesere wa kitambaa aonyeshe. Fundi akatazama huku na huku, akachukua penseli, akaielekeza mdomoni mwa mwanasesere.

"Simama hapo hapo!"

Alisimama. Mwalimu alipiga magoti mkekani, kanzu yake ikajaa vumbi la chaki, akamwonyesha. Mlaze chini, ubavu. Ondoa kila cha kumuumiza. Legeza nguo shingoni. Usimshike kwa nguvu, na mdomoni usitie kitu, si kijiko wala kidole, maana ulimi haumezwi. Tazama saa. Zikipita dakika tano hajaacha, mbio hospitali. Akamrudishia mwanasesere, akamfanyisha mara tatu, na mara ya tatu fundi alikuwa anatokwa jasho.

Alitoka na fomu iliyogongwa muhuri. Karani aanze Jumatatu. Mtego aliutega yeye, na aliyenaswa ni yeye.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, fundi alikuwa anapaka gundi mgongo wa kiti. Karani alijilaza juu ya sponji jipya akasema, "Baba, sikio linapiga kelele."

Alimgusa. Alikuwa moto kama pasi. Akamvua sweta, akageuka kuchukua simu rafuni, na aliposikia kimya akageuka tena. Mtoto alikuwa amekakamaa. Macho yamekwenda juu. Midomo inabadilika rangi. Kisha mikono na miguu ikaanza kupigapiga sponji, bila sauti, na kukosa sauti huko ndiko kulikomtia fundi wazimu.

Kikombe cha chai kilikuwa mezani na kijiko ndani yake. Mkono wake ulishafika. Alishakishika.

Simama hapo hapo.

Akakitupa. Akamlaza mtoto ubavu, akasukuma kopo la misumari mbali, akafungua kifungo cha shingoni kwa vidole vyenye gundi vilivyonata kila vilipogusa. Akaiweka simu sakafuni, akatazama saa yake. Dakika ilikuwa haigeuki. "Karani," alisema, "Karani, baba yupo," na sauti aliyoisikia hakuijua kuwa ni yake. Ikageuka. Alikuwa anaomba, anahesabu, anaomba tena, amesahau alipofikia. Ikageuka ya pili. Mkono mmoja ukalegea, kisha mguu, kisha mtoto akavuta pumzi ndefu yenye mate, akaanza kulia.

Dakika mbili na kidogo. Hilo la kama mwaka lilikuwa dakika mbili.

Alifika hospitali amembeba, mguu mmoja na kandambili, mwingine mtupu. Mkewe alitoka mbio chumba cha kufulia, uso umeloa mvuke. Daktari alikuta sikio limevimba ndani, akatoa dawa, akasema mtoto hana neno.

"Aanze shule lini?" fundi aliuliza.

"Homa ikiisha na sikio likipona. Au kuna kingine mnachosubiri?"

"Nasubiri hofu iishe."

"Ukisubiri hiyo," alisema daktari, "ataanza pamoja na wajukuu zako."

Karani alilala kwenye kitanda cha hospitali, na wazazi wakakaa kwenye benchi nje ya mlango. Fundi akaanza: "Umeona? Ningekuwa sipo?"

"Nimeona," alisema mkewe taratibu. "Mara mbili za mwanzo ulikuwepo, akatoka damu. Leo umefanya alivyokufundisha mwalimu, na hana hata mkwaruzo. Mimi mwenyewe nisingejua, Baba Karani. Ningetafuta kijiko."

Akafunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Fundi hakuwahi kufikiri kwamba na yeye anaogopa. Siku zote aliona hofu ni yake peke yake.

Jumatatu alikwenda chekechea bila mtoto.

"Mwalimu, nilikudanganya. Si kila wiki. Ni mara tatu tangu azaliwe."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mzazi wa kila wiki huwa ameshazijua dakika," alisema mwalimu, akasogeza kiti kile kidogo. "Kaa tupange."

Walipanga. Wiki mbili sikio lipone. Mwezi wa kwanza, saa mbili mpaka saa tano tu. Siku akiamka na joto, abaki nyumbani. Barua ya daktari ikabandikwa kabatini, na namba za simu za wazazi zikaandikwa kwa kalamu nene.

Siku ilipofika, Karani aliingia darasani bila kugeuka nyuma. Fundi akabaki ameegemea ukuta wa nje mpaka mwalimu akatoka. "Baba, nenda kazini. Ukisimama hapa utaliliza darasa zima."

Akaenda. Alijichoma sindano mara nne. Simu aliiweka juu ya mkono wa kochi, na saa nne kasoro ikalia. Akaidaka kwa mikono miwili.

"Anapumua?" alipiga kelele.

"Nani, kochi?" aliuliza mteja. "Nilikuwa nauliza kama limekwisha."

Saa tano kasoro robo alikuwa langoni. Karani alitoka amenuna, kwa sababu mwalimu amemkataza kuandika kwenye viti. Njia nzima alishtaki. Kikombe chake kina picha ya ndoo, alisema, na yeye alitaka samaki.

Asubuhi ya pili fundi alimpima joto kwa kipimajoto mara tatu. Mara zote tatu lilikuwa la kawaida, basi akakosa sababu. Akamfunga kamba za viatu, wakatoka.