Jirani Aliyejiona Kwenye Kipindi Changu

Nilipoanza kuigiza vichekesho vya televisheni, nilipewa kazi moja tu: dada wa kazi anayeingia na sinia la chai, anaanguka, watu wanacheka. Nilianguka vipindi vingi. Siku moja nikamwambia mwongozaji kwamba na mimi nina maneno. Akanijibu, "Basi yaandike."

Nikaandika habari za mama mmbea wa mtaani, nikamwigiza mwenyewe. Watazamaji wakampenda sana. Lakini nilipohamia mtaa wa Moshono, nikagundua kuwa majirani wananiogopa, wasije wakajikuta kwenye kipindi. Nikifika dukani, akina mama wananyamaza. Hata kwenye jumuiya ya kanisa, mtu akianza kueleza shida zake, mwenzake anamkanyaga mguu. Iliniuma, maana nilikuwa mgeni na nilitaka marafiki. Tena bila kusikia watu wakiongea, sikuwa na cha kuandika.

Jumamosi moja asubuhi, mama wa nyumba ya jirani akagonga geti. Ni Mchaga, anauza vitenge mjini, na sauti yake inafika mbali.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba. Sijaja kukaa. Yule mama wa juzi kwenye kipindi, aliyemnyima mkwe wake chakula, ni mimi?"

Nikaapa kwamba siyo. Kweli kabisa, yule nilimtoa kwa shangazi yangu wa Nduruma.

"Kama ni mimi, umekosea," akaendelea kama hajanisikia. "Mkwe simnyimi chakula. Nampakulia mpaka ashindwe kunyanyuka. Akishashindwa, ndiyo namuuliza, ndoa ya kanisani lini?"

Nilicheka nikashika ukuta. Akanikazia macho, kisha naye akaanza kucheka, na aliyesema hakuja kukaa akaingia ndani. Akanisimulia jinsi mkwe wake alivyotokwa jasho mbele ya sahani ya tatu ya machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, na jinsi alivyotaja mwezi wa harusi papo hapo.

"Mama, naomba niiandike hii."

"Andika. Ila asiigize mtu wa ovyo."

"Basi igiza wewe."

Alinuna, akasema amezeeka, akauliza tunarekodi saa ngapi.

Siku ya kurekodi, kitu cha kwanza alichofanya ni kuisalimia kamera. Mwongozaji akaninong'oneza kwamba nimemletea matatizo. Tukarudia, akakosea tena. Halafu kijana aliyeigiza mkwe akaacha nusu ya chakula kwenye sahani. Hilo halikuwa kwenye maandishi yangu. Mama akasahau kamera, akamgeukia: "Mwanangu, hicho unamwachia nani?" Kijana akashika kijiko haraka. Mafundi wote wakaziba midomo wasiharibu sauti.

Sasa ana nafasi ya kudumu kwenye kipindi. Jumapili baada ya ibada tunakaa kwake, na akina mama wa mtaa wanakuja na visa vyao, wengine wanagombana nani atangulie. Maneno yangu mengi anayakataa. "Hakuna mtu anaongea hivyo," ananiambia, nami nafuta, naanza upya.