Suruali ya Mfano

Mimi nauza vitambaa, fundi anashona, ukuta mmoja ndio unatutenga. Mteja akinunua kwangu namsukuma kwake. Akija kwake mikono mitupu, ananiletea. Hatukuandikiana mkataba.

Nyuma ya mashine yake hukaa mpiga pasi, mtu mwembamba wa maneno machache. Yeye na fundi wamelala chumba kimoja, nyuma ya pazia, tangu mimi natembeza vitambaa begani. Mtaa mzima ulimwita Shemeji.

"Shemeji, fundi kakununia leo?"

"Kanuna tangu asubuhi. Nilizidisha chumvi."

Watu wakacheka, wakachukua suruali zao, wakaenda zao. Wameoa na kuzika wakiwa na nguo za mikono ile. Ya chumbani kwa wale wawili hayakuwa mzigo wa mtu.

Kisha vipaza sauti vikaanza kuwalaani wanaume wanaoishi kama mke na mume, redio zikadakia, simu zikamalizia. Mzaha wa jana ukawa kesi. Shemeji akaitwa "yule".

Halafu wanaume wakaacha kupimwa. Fundi hupima kwa futi: kiuno, paja, ndani ya mguu. Sasa wanasimama mguu mmoja nje, wanarusha suruali kuukuu mezani: "Shona kama hii." Lakini suruali kuukuu haisemi kwamba mwenyewe kanenepa. Muuza nyama, ambaye fundi alimpima tangu hajaota ndevu, alileta ya ujana wake iwe mfano wa suti ya harusi ya binti yake. Siku yenyewe akainama kukaa, ikapasuka mbele ya wakwe. Mtaa ukasema, mnaona, hata mkono wake una laana.

Nikaenda kwa fundi. Nina stoo imejaa vitambaa vya suti. Akifunga yeye, nimefunga mimi.

"Ndugu yangu, yule mpe nauli aende kwao. Upepo ukitulia atarudi."

"Kwao wapi?"

"Alikotoka."

"Katoka hapo nyuma ya pazia." Akakata uzi kwa meno. "Au unasema wapiga pasi wako wengi?"

"Wako wengi."

"Na wauza vitambaa je?"

Nikarudi dukani kwangu.

Kesho yake akatundika kibao mlangoni: ASIYEPIMWA SIMSHONEI. Mashine ikanyamaza. Kimya chake kilinifikia hadi stoo, nikapiga hesabu zangu, nikachukua kitambaa cha kijivu nikaingia kwake.

"Nipime. Nyuma ya pazia."

"Hapa mlangoni."

"Basi pale katikati, karibu na pasi."

"Mlangoni."

Nimepatana na wakaidi wa kila aina. Bei ya mwisho naijua nikiisikia. Nikasimama mlangoni, mikono juu, mtaa ukitazama. Muuza nyama aliacha kukata. Fundi akapitisha futi kiunoni, pajani, ndani ya mguu, akitaja vipimo kwa sauti, mpiga pasi akivirudia nyuma yake. Jasho lilinitoka, na jua lilikuwa halijapanda.

Niliporudi dukani mke wangu alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Umepata ulichokitaka?"

"Bado."

Muuza nyama haitikii tena salamu yangu. Nyama nanunua mtaa wa pili. Suruali imenikaa sawasawa, naivaa dukani kila siku ili ionekane. Hajaja mwingine kupimwa, na fundi hajakitoa kibao.

Siku nilipokwenda kuichukua nilisema kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, umeshainyoosha?"

Alitazama kwanza mlangoni, nani kasikia. Ndipo akajibu, "Tayari."